Kompyuta Iliyokawia na Mkoba wa Barua wa Unyanyembe

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanalifahamu jina la Kipalapala hata kama hawajapata kufika huko. Limeandikwa katika kurasa za mwanzo za vitabu vingi vilivyotoka TMP, na seminari yake ina sifa ya miaka mingi. Ni mahali pa utulivu, si mbali na mji wa Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi ambayo zamani ilipitiwa na njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kuanza, joto huwa kali na vumbi jekundu hutulia juu ya kila kitu: majani ya miembe, rafu za vitabu, hata ndani ya mashine.

Nilikuwa huko kwa mapumziko mafupi, katika mwezi huo wa vumbi, wakati kijana mmoja niliyepata kumfundisha Chuo Kikuu aliponijia kwa pikipiki. Siku hizi yeye ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari ya mkoa huo.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba, Mwalimu. Mbona umekunja uso?”

Akanieleza kwamba kompyuta ya ofisi ya taaluma ilikuwa imekawia ghafla, na siku hiyo ilikuwa ya tatu. Faili lililokuwa likifunguka kabla mtu hajamaliza kuvuta kiti, sasa lilichukua robo saa. Katika faili hilo zilikuwamo alama za maendeleo za wanafunzi wa kidato cha nne, tangu walipoingia kidato cha kwanza. Siku ya kuzipeleka kunakohusika ilikuwa imebaki wiki moja. Karatasi zilizobaki zilikuwa za mwaka mmoja tu. Fundi mmoja alikuwa ameshauri kila kitu kifutwe na programu zipakiwe upya. Mkuu wa shule, kwa upande wake, alikuwa akifikiria kununua kompyuta nyingine kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya kemikali za maabara.

Mashauri yote mawili yalitolewa kwa nia njema. Hata hivyo yalikuwa na kasoro moja: yalikuwa dawa kabla ya uchunguzi. Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi kompyuta iliyokawia inavyochunguzwa, na kwa nini njia ya kuichunguza ni ileile ya sayansi ambayo mwanafunzi hujifunza katika maabara.

Kosa langu la kwanza

Yafaa nikiri kwamba jambo la kwanza nililolifanya mimi mwenyewe lilikuwa kosa. Tulipofika shuleni niliitazama mashine ikisuasua, nikakata shauri kwamba imeingiliwa na virusi vya kompyuta. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa nimekwisha kuona mashine nyingi zenye virusi, basi nikadhani na hii ni mojawapo. Nikaiamuru programu ya kusaka virusi isome diski yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Baada ya dakika arobaini ilikuwa imesoma sehemu tatu tu katika mia. Mwalimu aliona hapana haja ya sisi kukaa tukiitazama. Akanialika twende Kwihara, tukalione lile tembe la kale ambalo leo ni makumbusho, kisha turudi jioni. Nikakubali, nikaiacha mashine ikiendelea na kazi. Baadaye msomaji ataona kwamba kuiacha hivyo kulikaribia kuigharimu shule kila kitu.

Mkoba uliolala njiani

Kwihara ilikuwa sehemu ya Unyanyembe, kituo kikubwa kilichokuwa katikati ya safari baina ya pwani na Ziwa Tanganyika. Wachukuzi walifika hapo, wakapumzika, mizigo ikahifadhiwa katika matembe ikingoja wachukuzi wengine. Katika tembe hilo la Kwihara alikaa Henry Morton Stanley mwaka 1871, na mwaka uliofuata alikaa Daktari David Livingstone.

Mlezi wa somo la historia angeweza kusimulia mengi hapo, lakini mimi nilikumbuka kisa kimoja tu. Livingstone alipokuwa Ujiji, amepungukiwa na mali na habari za kwao, ulikuwapo mkoba wa barua zake uliotoka Unguja ukiwa umeandikwa tarehe 1 Novemba, 1870. Stanley aliukuta mkoba huo Unyanyembe. Katika mwaka 1871 vilizuka vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya kawaida ya kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley akazunguka kwa njia ya kusini, akifuatana na mchukuzi wa mkoba. Livingstone aliupokea mwezi wa Novemba 1871. Kwa hesabu ya Stanley, zilikuwa zimepita siku 365.

Sasa tufanye hesabu. Msafara wa Stanley mwenyewe ulitembea kutoka pwani hadi Unyanyembe kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kutoka Unyanyembe hadi Ujiji, pamoja na mzunguko ule mrefu, alitumia siku zisizozidi 55. Jumla yake ni kama miezi mitano. Basi miezi saba iliyosalia ilikwenda wapi? Ilikwenda katika kulala. Stanley aliandika kwamba wachukuzi wa mzigo huo walikaa Bagamoyo karibu siku mia moja kabla ya kuanza safari. Na walipofika Unyanyembe, mkoba ukalala tena.

Nilipomaliza kusimulia, mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Kwa hiyo, Daktari, kama mtu angetaka barua zifike upesi, asingefaidika kwa kuajiri wachukuzi wenye mbio zaidi?”

“Wangezipunguza siku za kutembea tu,” nikamjibu. “Angepaswa kuuliza kwanza: mkoba umelala wapi?”

Tukatazamana. Hilo ndilo swali ambalo hatukuiuliza kompyuta. Tulirudi kwa haraka.

Kukawia ni kungoja

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta iliyokawia ni kompyuta iliyochoka, kama mtu mzee apandaye kilima. Picha hiyo inapotosha. Sehemu ifanyayo hesabu, iitwayo prosesa, haichoki. Ile iliyokuwa ikifanya hatua bilioni tatu kwa sekunde mwaka jana, mwaka huu pia hufanya hatua bilioni tatu, isipokuwa imezuiwa na joto. Mashine inapokawia, aghalabu prosesa haifanyi kazi polepole: haifanyi kazi kabisa. Imekaa ikingoja kitu ambacho hakijaletwa.

Ili tuelewe jinsi kungoja kulivyo kwa gharama kubwa, yatupasa kulinganisha muda. Vipimo vyenyewe ni vidogo mno kwa akili ya mwanadamu. Katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, nuru husafiri sentimita 30 tu, urefu wa rula ya mwanafunzi. Prosesa ya hatua bilioni tatu kwa sekunde hupiga hatua tatu katika muda huo. Kwa hiyo na tuukuze muda huo, tuseme kwamba kila hatua ya prosesa inachukua sekunde moja kamili. Vipimo vingine vyote tuvikuze kwa kiasi hichohicho. Tutapata picha hii:

Kuchukua kitu katika kumbukumbu ya muda, ile ambayo hufutika umeme ukizimwa, huchukua kama nanosekunde 100. Katika picha yetu hizo ni dakika tano: muda wa kwenda chumba cha pili na kurudi na kitabu.

Kuchukua kitu katika diski mpya zisizo na sehemu zinazozunguka huchukua kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Katika picha yetu hizo ni siku tatu na nusu.

Kuchukua kitu katika diski ya kawaida yenye sahani zinazozunguka huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika picha yetu hizo ni siku 347, karibu mwaka mzima. Ni muda uleule wa mkoba wa barua kutoka Unguja hadi Ujiji!

Kwa hiyo prosesa inayoomba kitu kutoka diskini ni kama Livingstone aliyekaa Ujiji akingoja barua. Hata iwe na akili na nguvu namna gani, kazi inayotegemea barua hiyo haiwezi kuendelea mpaka barua ifike. Waunda kompyuta wanalijua jambo hili, ndiyo maana wameweka akiba ndogo ndogo karibu na prosesa, ili safari ndefu ya diski ifanywe mara chache kadiri iwezekanavyo. Mambo yanapokwenda vizuri mtumiaji hahisi safari hizo. Zikiongezeka, au safari moja ikirefuka, huona mashine “imekufa”.

Saa nne za kutazama

Daktari mwema hupima joto na mapigo ya moyo kabla ya kuandika dawa. Kompyuta nayo ina vipimo vyake. Katika mashine zitumiazo Windows, vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja, hufunguka ukurasa unaoonyesha kazi zinazoendelea. Mifumo mingine ina kurasa za namna hiyo. Humo mna saa nne za kutazama: ya prosesa, ya kumbukumbu, ya diski, na ya mtandao. Saa hizo zikisomwa pamoja hueleza mkoba umelala wapi.

Hali ya kwanza: prosesa inatumika karibu asilimia 100. Hapa ipo programu inayofanya kazi nyingi. Ukurasa huo utaitaja kwa jina. Yaweza kuwa ni virusi; yaweza pia kuwa ni kazi halali, kama vile mfumo unaojisasisha baada ya kompyuta kukaa likizo nzima bila kuwashwa. Kazi ya namna hii mara nyingi huisha yenyewe baada ya saa moja au mbili, na dawa yake ni subira.

Hali ya pili: prosesa ina kazi, lakini kasi yake imeshuka chini ya kawaida na mashine ni ya moto. Prosesa za leo zimeundwa kujihifadhi. Joto likikaribia nyuzi 100 za Sentigredi, hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Katika mkoa wenye vumbi kama Tabora, sababu yake mara nyingi ni feni iliyozibwa. Zima mashine, ondoa waya wa umeme, fungua kwa bisibisi, safisha kwa brashi laini na kavu.

Hali ya tatu: kumbukumbu imejaa na diski ina kazi bila kupumzika. Programu zilizofunguliwa zimezidi nafasi iliyopo, basi mfumo unahamishia baadhi ya vitu diskini, kisha unavirudisha, kisha unahamisha vingine ili kuvipatia nafasi. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Peter Denning, alieleza jinsi mashine iliyo katika hali hiyo inavyoweza kutumia karibu muda wake wote katika kuhamisha, bila kufanya kazi yenyewe. Ni kama karani mwenye meza ndogo, ambaye kila akitaka jalada moja hana budi kurudisha jingine ghalani. Dawa yake ni kufunga programu zisizohitajika, au kuongeza kumbukumbu.

Hali ya nne: saa zote zimetulia, na kinachokawia ni kurasa za mtandao peke yake. Hapo kompyuta haina kosa. Tatizo liko katika njia ya mawasiliano.

Hali ya tano ndiyo tuliyoikuta tuliporudi kutoka Kwihara. Prosesa ilikuwa ikitumika asilimia 4 tu. Kumbukumbu ilikuwa na nafasi ya kutosha. Mtandao haukuwa na shughuli. Diski ilikuwa asilimia 100. Lakini tulipotazama kiasi cha data kilichokuwa kikisomwa, kilikuwa kilobaiti chache kwa sekunde, hali diski nzima ya aina ile huweza kusoma zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, diski ilikuwa ikihangaika kwa nguvu zake zote na kuleta karibu sifuri. Nikainamisha sikio. Ilikuwa ikigonga: tk, tk, tk, kimya, tena tk, tk.

Diski inavyougua

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani nyembamba zilizopakwa madini ya sumaku, zizungukazo aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso hupita kichwa kidogo cha kusomea, kikielea bila kugusa, kwa umbali ulio mdogo mno kuliko unene wa unywele. Data imeandikwa katika vipande viitwavyo sekta, na kila sekta ina tarakimu za ziada zinazoiwezesha diski kugundua na kusahihisha makosa madogo.

Sekta ikiharibika, tuseme kwa kutikiswa, kwa umeme kukatika ghafla wakati wa kuandika, au kwa uzee tu, tarakimu za ziada hazitoshi. Diski haikati tamaa mara moja. Hungoja sahani izunguke tena, ikajaribu upya. Kwa mizunguko 7,200 kwa dakika, kila mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Ikijaribu mara mia kadhaa, sekunde kadhaa zimepotea kwa ajili ya sekta moja. Katika picha yetu ya muda uliokuzwa, sekunde tano za kungoja ni kama miaka 475: mkoba wa barua ulioanza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na ambao unawasili leo.

Ikifanikiwa kuisoma sekta hiyo, au sekta hiyo ikiandikwa upya, diski huweza kuihamishia mahali pa akiba na kuandika tukio hilo katika orodha yake ya siri ya afya. Zipo programu za bure zinazoweza kuisoma orodha hiyo. Sisi tulipoisoma tulikuta sekta nyingi zilizohamishwa, na nyingine zikingoja hukumu. Tulipoisoma mara ya pili baada ya dakika kumi, idadi ilikuwa imeongezeka. Hapo hapakuwa na shaka tena. Kukawia kule hakukuwa ugonjwa wenyewe. Kulikuwa ni sauti ya diski inayokufa, ikijitahidi kuokoa ilichokabidhiwa.

Msomaji sasa ataelewa uzito wa kosa langu. Kuisoma diski mgonjwa yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kutafuta virusi ambavyo havikuwamo, kulikuwa ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo kupanda mlima. Ushauri wa kufuta na kupakia upya ungekuwa mbaya zaidi: alama za miaka minne zingefutwa, na programu mpya zingeandikwa juu ya diski ileile mbovu.

Nakala kwanza

Tuliisimamisha kazi ya kusaka virusi, tukaizima mashine. Tukaitoa diski bila kuifungua yenyewe, kwa kuwa chembe moja ya vumbi la Tabora ingetosha kuimaliza, tukaiunganisha na kompyuta nyingine nzima kama diski ya pili. Kwa njia hiyo haikulazimika tena kubeba mfumo wa uendeshaji. Ilihitaji kutoa mali tu.

Palizuka swali: tuanze na nini? Katika nyumba inayoungua mtu haanzi kuokoa kabati. Tulianza na faili la alama. Diski nzima ingelitoa kabla ya kupepesa jicho. Hii ilichukua dakika ishirini na mbili. Mwalimu alisimama muda wote huo ameshika kiti kwa mikono miwili, akitazama taa ya dari, kwa kuwa jioni mbili zilizotangulia umeme ulikuwa umekatika saa kama ile. Usiku huo haukukatika. Faili likafunguka upande wa pili, majina na alama zote zikiwa zimetimia. Tukaweka nakala mbili mahali mbalimbali, ndipo tukaendelea na mafaili mengine mpaka alfajiri. Picha za mahafali ya mwaka mmoja hazikusomeka kabisa, tukaziacha.

Siku ya nne baada ya hapo diski ile haikuzunguka tena.

Kwa nini mashine mpya haikuhitajika

Mkuu wa shule alipoelezwa, aliuliza swali la haki: kompyuta mpya yenye prosesa ya kasi zaidi isingekuwa bora? Jibu lake ni hesabu rahisi, ambayo msingi wake ulitolewa mwaka 1967 na Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani.

Tuseme kazi fulani inachukua sekunde 100, ambazo 5 ni za prosesa na 95 ni za kuingoja diski. Tukiweka prosesa yenye kasi maradufu, sekunde 5 zitakuwa 2.5, na jumla itakuwa 97.5. Hakuna atakayeona tofauti. Tukiiacha prosesa ileile na kuweka diski yenye kasi maradufu, sekunde 95 zitakuwa 47.5, na jumla itakuwa 52.5. Kanuni yake ni hii: faida ya kuboresha sehemu moja haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiutumia. Wachukuzi wenye mbio hawaondoi siku ambazo mkoba umelala.

Shule ikanunua diski moja isiyo na sehemu zinazozunguka. Prosesa ni ileile, kumbukumbu ni ileile, na mashine huwaka upesi kuliko siku iliponunuliwa. Kemikali za maabara nazo zilinunuliwa.

Taifa letu lina kumbukumbu yake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo ya kuziendesha hesabu za Serikali kwa mashine, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na miaka mingi ikapita kabla ya mlango kufunguliwa tena. Leo mashine zimo katika shule na zahanati, lakini funzo la wakati ule halijapitwa na wakati: kununua mashine si sawa na kuielewa.

Utaratibu wa kufuata

Kwa faida ya walimu na wanafunzi watakaofikwa na jambo kama hili, tunafupisha utaratibu wenyewe:

1. Kabla ya jambo lolote, hifadhi nakala ya kazi muhimu mahali pengine. Ikiwa nakala ipo tangu zamani, utafanya uchunguzi kwa moyo mtulivu.

2. Uliza: hali hii ilianza lini, na ni nini kilichobadilika kabla yake? Programu mpya? Umeme kukatika? Kuhamishwa meza? Je, inakawia kwa kila kazi au kwa kazi moja tu?

3. Tazama saa zote nne kwa dakika kadhaa, uandike tarakimu. Usiponye kitu ambacho hujakipima.

4. Sema dhana yako kwa maneno, kisha ujiulize: kama dhana hii ni kweli, ningetazamia kuona nini? Kama kingekuwa ni kirusi chenye kazi nyingi, prosesa isingekuwa asilimia 4.

5. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, upime tena. Abadilishaye mambo matano pamoja, hata kama mashine itapona, hatajua ni lipi lililoiponya.

6. Ukisikia diski ikigonga, au ukiiona iko asilimia 100 huku data inayopita ni kidogo mno, acha majaribio yote. Toa nakala, ukianza na kilicho cha thamani kubwa.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji kompyuta. Wapange wanafunzi kumi katika mstari mmoja na uwape vitabu ishirini vya kupokezana, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Pima muda. Kisha mwagize mwanafunzi mmoja wa katikati ahesabu mpaka tano kabla ya kukipitisha kila kitabu. Pima tena. Sasa waambie wengine wote waongeze kasi kadiri wawezavyo, yeye akibaki vilevile. Pima mara ya tatu. Darasa lilinganishe tarakimu tatu hizo na lieleze kwa nini ya pili na ya tatu zinakaribiana. Kisha liulizwe: mtu aliyesimama mwisho wa mstari, asiyeweza kuwaona wenzake, angewezaje kumgundua anayekawiza?

Nilipokuwa nikiondoka Kipalapala, mwalimu yule alinisindikiza mpaka stesheni ya Tabora. Treni ilikuwa imechelewa. Tuliketi kwenye benchi, akauliza kwa kicheko: “Daktari, hii nayo tuseme imechoka?”

Nikamwambia twende tukaulize imelala wapi.